Mahindi ya Nadhiri

Kwenye kila bandari abiria wengine walishuka na kamera. Daulat alishuka na pua. Alisimama chini ya ngazi ya meli, akainua kidevu, akanusa upepo wa Meksiko kama mtu aliyesahau kitu jikoni, huku mumewe akimsihi asizibe njia. Bandari ya kwanza ilinukia mafuta ya kujipaka juani. Ya pili ilinukia bia na mikoba mipya ya ngozi. Daulat alikuwa anatafuta moshi wa makaa, na moshi ni kitu adimu mahali palipopambwa kwa ajili ya wageni.

Mohamedraza hakuuliza. Ndoa ndefu ilikuwa imemfundisha kwamba mkewe akinyamaza ana jambo moja, na akiulizwa huwa nayo mawili.

Jambo lenyewe lilianzia Toronto mwaka uliotangulia, kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha upasuaji. Mohamedraza alikuwa ndani, kifua wazi, moyo wake mikononi mwa watu wasiomjua. Sukaina, binti yao, alikuwa amekwenda kutafuta chai. Wanawake wenye akili zao, katika saa kama ile, huweka nadhiri ya khitma, au ya sinia la wali mtamu msikitini. Daulat alikuwa amefadhaika, na kilichomtoka kinywani ni hiki: "Ee Mungu, kwa ajili yako, huyu akiinuka akatembea, nitachoma mahindi kwa mkono wangu kando ya bahari, nilishe watu nisiowajua." Yeye mwenyewe alishangaa. Labda ni kwa sababu kule Tanga, walipokuwa wachumba, jambo pekee waliloruhusiwa kulifanya pamoja lilikuwa kula mahindi ya kuchoma Jumapili jioni ufukweni Raskazone, shangazi zake wakiwa wamekaa nyuma yao wakihesabu kila tabasamu.

Mohamedraza aliinuka. Akatembea. Hapo ndipo usingizi ulipomhama Daulat.

Daktari alikuwa amekataza safari ndefu za ndege, kwa hiyo Tanga ilikuwa haifikiki. Kutoka dirisha la nyumba yao, juu kabisa katika jengo moja la kitongoji cha Etobicoke, aliliona Ziwa Ontario kila asubuhi, pana, halina ng'ambo, na maji yake hayana hata chembe ya chumvi. Alimpigia simu maulana wa msikiti wao kuuliza kama ziwa lingefaa.

"Mama, ziwa ni ziwa," maulana alimjibu kwa upole. "Umemtamkia Mwenyezi Mungu. Ukiweza, tekeleza ulivyotamka."

Tangu siku ile, kila mumewe alipokohoa, Daulat alisikia mtu akipiga hodi. Aliamini kabisa kwamba aliyepewa mume kwa ahadi anaweza kunyang'anywa kwa ahadi hiyo hiyo. Wala hakumwambia. Alilelewa akijua kwamba aliyewekewa nadhiri hasimuliwi mpaka itimie, naye hakuwa tayari kujaribu kinyume chake kwa mtu mwenye mshono kifuani.

Ndipo watoto wakaleta zawadi: wiki moja melini, Februari, wakati theluji ya Toronto imeshamchosha kila mtu. Kwanza alikataa. Kisha akauliza kama huko kuna bahari.

Sukaina alicheka. "Mummy, it's a cruise. Bahari tu, everywhere!"

Basi akafunga sanduku.

Bandari ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa ndogo, mtaa mmoja na kanisa, na jina lake Mohamedraza alilijaribu mara mbili akaliacha. Daulat alinusa. Akanusa tena. Kisha akaanza kwenda upande ambao hakuna mtalii aliyekuwa akienda.

"Mama Sukaina! Maduka yako huku!"

"Nifuate, au nisubiri hapo."

Akamfuata, akihema na kunung'unika. Nyuma ya shule, mkabala na bahari, mwanamke mwenye mkia mrefu wa nywele zenye mvi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko lililotengenezwa kwa rimu ya gari. Mahindi yalikuwa juu ya wavu. Kando yake palikuwa na ndimu zilizokatwa, chumvi, na pilipili nyekundu ya kusaga. Daulat alijishika mdomo.

"Rimu hii ni ya Datsun," alisema Mohamedraza, ambaye Tanga aliwahi kuwa na duka la vipuri na hakuwahi kupona ugonjwa huo.

Kununua kikapu kizima cha mahindi hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kigoda. Daulat alijionyesha mwenyewe, akaonyesha jiko, akajipigapiga viganja, kwamba anataka kuchoma mwenyewe. Mwanamke alikunja uso. Kibarua chake ndicho hicho, na sasa bibi wa melini, mwenye kofia ya majani na kadi shingoni, anataka kumwondoa.

"Watu wanatutazama," alisema Mohamedraza kwa sauti ya chini. "Tumetoka Canada kuja kuchoma mahindi barabarani?"

"Wewe kakae pale ukutani. Pumzika."

Mumewe alipokwisha kukaa, Daulat alimwelekezea kidole. Kisha, akiwa amempa mgongo mumewe asione, akajipitisha kidole kifuani kutoka koo hadi tumboni, akaelekeza juu mbinguni, akakutanisha viganja. Mwanamke alimtazama yule mzee ukutani kwa muda mrefu. Akajichora ishara ya msalaba. Akainuka, akapangusa kigoda kwa aproni yake, na kumkabidhi Daulat kipande cha boksi cha kupepea moto.

Hindi la kwanza liliungua. Mkono ulikuwa umesahau. Mwanamke alisonya, akaligeuza la pili kabla nalo halijaungua, na Daulat akacheka kwa mara ya kwanza tangu washuke. La tatu lilitoka vizuri. Watoto wa shule walikuwa wanatoka. Walisimama mbali wakisukumana, mpaka mmoja akathubutu, akapokea, akauma, na wengine wote wakaja mbio. Daulat alipaka ndimu na pilipili, akampa huyu, akampa yule. Hakujua jina la hata mmoja wao. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi, na sehemu kubwa hayakuwa ya moshi.

Mohamedraza aliletwa na harufu. Tangu upasuaji chakula kilikuwa hakimpi raha. Alikula kwa kuambiwa. Sasa alisimama mbele ya jiko na mkono ameunyosha.

"Nipe moja."

"Huli."

"Daktari hajakataza mahindi!"

"Niliahidi watu nisiowajua," alisema Daulat, macho yakiwa kwenye makaa. "Wewe nakujua."

Mohamedraza alikuwa amelelewa katika nyumba zinazoweka nadhiri, hakuhitaji maelezo. Alitazama kikapu, akatazama watoto, akamtazama mkewe na masizi yake shavuni. Mkono wake ulipanda polepole mpaka kifungo cha juu cha shati, pale mshono ulipoanzia.

"Lini?" aliuliza.

"Ulipokuwa ndani."

Mohamedraza alichukua mahindi mawili, akawapelekea mafundi waliokuwa wanachanganya saruji ng'ambo ya barabara. Akarudi kuchukua mengine. "Karibuni! Bure! Karibuni!" akaita, kwa ile sauti ya dukani ambayo Daulat alidhani imebaki Tanga. Hakuna aliyeelewa neno, na wote walikuja. Honi ya meli ilipolia, kikapu kilikuwa kitupu. Usiku ule Daulat alilala hoi, na mumewe alikohoa weee, asisikie.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, aliamshwa na king'ora cha moshi. Alikimbilia jikoni. Mohamedraza alikuwa amesimama mbele ya jiko la umeme na hindi la supamaketi limekaa moja kwa moja kwenye koili, upande mmoja mweusi, upande mwingine mbichi. Sahani ilikuwa na ndimu iliyokatwa vibaya.

"Baba Sukaina! Unataka kutuchomea jengo la watu?"

Alifungua mlango wa roshani, baridi ikaingia, akaanza kupepea king'ora kwa gazeti. Huko chini theluji ilikuwa inaangukia ziwa.

"Na mimi niliweka nadhiri," alisema Mohamedraza, akilipuliza lile hindi. "Yangu ni ndogo. Nilishe mtu mmoja, ninayemjua."

Daulat aliacha kupepea. Akalipokea kwa mikono miwili, akauma upande ulioiva.

"Hukutia chumvi," alisema.

Akaendelea kula.