Bomba la Pembeni

Saa moja kasorobo asubuhi Odilia alifika kwenye mtambo wa maji nje kidogo ya mji wa Kilosa, akavua kandambili, akavaa mabuti, akasoma mita. Maji ya mto yalikuwa yameshachujwa kwenye mchanga, yakingoja hatua ya mwisho: kupita ndani ya silinda ya chuma yenye taa nne za urujuanimno, mwanga usiofaa kutazamwa kwa macho, unaoua vijidudu bila dawa wala harufu. Taa mbili zilikuwa zimekufa tangu mwaka juzi. Aliandika hivyo kitabuni, kama alivyoandika jana yake. Akakaa, akasimama, akakaa tena.

Taa mbili zilitosha nusu ya maji. Nusu iliyobaki ilizungushwa kwenye bomba la pembeni lisilopita taani, ikaenda upande wa mashariki, kwa wafugaji waliohama kutoka Rudewa. Lilikuwa agizo la muda la Injinia Cosmas. Katika ripoti hapakuwa na bomba la pembeni.

Mwezi wa tatu watu wa mjini walianza kuwaka. Kwanza kucha, kisha meno, kisha ngozi nzima, zambarau hafifu kama ua la kiazi kitamu. Ilionekana jua likizama, au mtu akiingia chumba chenye giza. Kitabu cha mtambo kilisema mwanga huo hauachi kitu majini, lakini kitabu kiliandikwa mbali. Ndani ya wiki moja watu walizoea. Kwaya ya Anglikana ilifanya mazoezi ya jioni bila umeme, kila mmoja akisogeza kitabu cha nyimbo karibu na kidevu chake. Yassin, fundi viatu wa stendi, alishona hadi isha kwa mwanga wa vidole vyake.

Kwa wafugaji hakuwaka mtu.

Mama mmoja wa huko, Namelok, alikuja mtamboni na mwanawe Saitabau mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekonda shingo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

"Sikai. Mtoto anaharisha, mara ya nne tangu mvua zianze." Aliitazama mikono ya Odilia, ambayo ilikuwa inawaka kwenye giza la chumba cha pampu. "Mbona sisi hatuwaki?"

Odilia alikuwa na jibu la ofisi, kwamba suala linashughulikiwa. Badala yake alimpeleka nyuma, akamwonyesha bomba la pembeni. Namelok alilitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe wake ndani ya zizi la jirani.

"Kumbe ni hili tu," alisema, akaondoka.

Tangu hapo Odilia hakutulia. Nyumbani aliipua ugali haujaiva, akafagia mahali alipokwisha kufagia.

"Una nini wewe?" Zabron, mumewe, alimuuliza.

"Sina kitu."

Jumatatu alifanya jambo alilolijua siku zote. Alifunga koki ya bomba la pembeni, akapunguza mwendo wa pampu kwa nusu. Maji yakipita polepole, taa mbili zinayatosha yote. Ila sasa mabomba yote, ya mjini na ya wafugaji, yalitoa maji mpaka saa sita mchana badala ya kutwa.

Siku ya tano Saitabau aliwaka, kuanzia masikioni. Namelok hakupiga kigelegele. Alimgeuza huku na huku, akaona hakuna palipobaki, akamfunga mgongoni akaenda kukamua. Jioni ile wazee walihesabu mbuzi bila tochi. Mtoto akaacha kuharisha.

Siku ya kumi na mbili Injinia Cosmas alikuja na gari la ofisi. Alikuwa mtu mpole.

"Dada Odilia, maji yanakatika mchana. Watu wamezoea kutwa."

"Yanakatika kwa wote, Injinia. Na wote wanakunywa yaliyopita taani."

"Najua. Hesabu yako ni sahihi kabisa." Alifunua kitabu, akakifunika. "Lakini wanaopiga simu ofisini ni wa mjini."

"Wa kule hawana namba ya ofisi."

"Ndiyo hivyo," alisema Cosmas, kama mtu aliyesaidiwa kueleza.

"Na taa mpya?"

"Zilifika. Tumeiazimisha hoteli moja ya watalii kule Mikumi, kwa msimu huu. Wageni wanapenda kuwaka kwenye picha."

Alifungua koki kwa mkono wake, akatia kufuli. Hakumfukuza kazi. Alimwomba tu asaini kwamba hali imerudi kawaida, na Odilia akasaini. Kisha alizunguka mtambo mara saba, asijue anatafuta nini.

Kwa wafugaji mwanga ulitoka taratibu, kuanzia miguuni. Saitabau alibaki na kidogo kwenye ukucha wa dole gumba, nao ukaisha kabla ya mwezi kwisha. Akaanza tena kuharisha.

Odilia aliomba ruhusa akawasindikiza zahanati. Kadi za watoto zilikuwa zimechapwa upya, zikaongezwa safu mbili: Anawaka, Hawaki. Muuguzi Hildegarda alimwingiza Saitabau nyuma ya pazia jeusi, akamtoa.

"Hawaki," alisema, akaweka tiki.

"Aliwahi kuwaka," alisema Namelok. "Wiki nzima. Mama huyu alimwona."

Odilia akaitikia kwa kichwa. Hildegarda aliigeuza kadi mbele na nyuma, kwa uangalifu, akitafuta mahali pa kuliandika hilo.

"Nafasi yake haipo, mama," alisema. Akampa pakiti mbili za chumvi ya kurudisha maji mwilini. "Unachanganya na maji safi."

Namelok akazipokea kwa mikono miwili, na Hildegarda akamwita mwingine.