Kibao cha Fundi wa Waya

Baba alivaa suti. Aliishonesha kwa ajili ya harusi yangu, na ndoa ile imekwisha zamani lakini suti bado inamkaa vizuri, jambo ambalo hachoki kunikumbusha. Mimi nilivaa raba na koti la mvua, kwa sababu kwangu ilikuwa siku ya kazi. Ninaandika uhakiki wa filamu gazetini, na saa nane mchana ule sisi waandishi tulikuwa tunaonyeshwa *Binti wa Maporomoko Tisa* siku mbili kabla ya umma. Kila mwandishi aliruhusiwa kuja na mtu mmoja.

"Baba, tunakwenda sinema au tunakwenda kukuposea mke?"

"Twende, Sim, acha mdomo. Si wewe mwenyewe uliyenisomea gazeti?"

Kweli nilimsomea. Mwongozaji wa filamu, kijana aitwaye Ngai Chun-Hei, alikuwa amesema kwamba majina ya mafundi wa filamu ya zamani yatakuwa "ndani ya filamu yenyewe, mahali pa heshima". Baba alinifanya nisome sentensi hiyo mara tatu. Kisha akainuka, akaenda kuipiga pasi suti.

Filamu ya zamani ilitoka mwaka 1983, na hapa Hong Kong hata asiyeiona anaijua. Ndiyo ile ya msichana anayeruka juu ya maporomoko ya maji akiwa na panga mbili. Hakuruka, alirushwa. Aliyemrusha ni baba yangu, Szeto Wing-Cheung, na kikosi chake cha wanaume wanane waliokuwa wakivuta waya kwa mikono, waya mwembamba uliopakwa rangi ya mawe ili kamera isiuone. Na mwisho wa filamu ile, majina yanapopita, yumo seremala, yumo mpishi wa wali, yumo hata mwenye farasi. Baba hayumo. Nililigundua hilo nikiwa na miaka kumi na miwili, na sikuwasamehe. Shuleni nilipigana na msichana aliyesema baba yangu ni mwongo. Nilipokuwa mhakiki, kila mwaka nilitafuta kisingizio cha kuandika kwamba kampuni ile iliwaibia wafanyakazi wake majina. Siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani: baba alione jina lake kwenye pazia la sinema angali hai.

Tukakaa safu ya sita. Taa zikazimwa, nikafungua daftari langu na kupiga mstari katikati ya ukurasa. Upande huu uzuri, upande huu kasoro.

Nisidanganye, uzuri ulikuwepo. Fedha ilimwagwa kwenye filamu ile, na ilimwagwa na watu wenye macho. Maporomoko ya tisa, ambayo zamani yalikuwa pazia la plastiki na mabomba mawili ya zimamoto, sasa yalianguka kutoka mawinguni, na sauti yake niliisikia tumboni. Samaki joka aliyetoka chini ya maji alinifanya nishike mkono wa kiti. Mama wa kambo, ambaye zamani alikuwa mbaya tu kwa sababu hadithi ilihitaji mbaya, safari hii alipewa sababu zake, na alipozisema nilijikuta nakubaliana naye. Upande wa uzuri ulijaa hadi chini.

Halafu binti akaruka.

"Hana uzito huyu," baba akaninong'oneza.

"Usianze."

"Mtu akinyanyuliwa, kinatangulia kiuno. Miguu inachelewa, shingo inaogopa. Huyu anapanda kama mvuke wa birika."

Nilitaka kumnyamazisha, lakini alikuwa amesema kweli. Kila mtu katika filamu ile aliruka vizuri mno. Walizunguka, wakatembea juu ya majani ya mianzi, wakapigana vichwa chini, na sikumwogopea hata mmoja wao, maana ilikuwa dhahiri kwamba hakuna anayeweza kuanguka. Nikaandika upande wa kasoro: *hakuna anayeweza kuanguka*. Nikafurahi, nikajua hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza gazetini.

Ndipo likaja lile jambo.

Binti anarudi katika ukumbi wa chama chake cha wapiganaji wa panga kuwaaga waliotangulia. Ukumbi una vibao vya marehemu, safu kwa safu, mbao nyeusi zenye majina kwa dhahabu, na ubani unafuka mbele yake. Kamera inapita polepole juu ya vibao hivyo, vyote vikiwa katika ukungu, halafu inasimama kwenye kimoja. Binti anapiga magoti, analia. Jina linasomeka wazi, kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu.

Szeto Wing-Cheung.

Nililisoma tena nikidhani macho yananichezea, nikalisoma mara ya tatu. Lilikuwa jina la baba yangu, limeandikwa kama yanavyoandikwa majina ya wafu, limefukiziwa ubani na kuliliwa na msichana mzuri mbele ya waandishi mia moja, na mwenyewe ameketi kando yangu na suti yake. Kwetu mtu akiigiza maiti kwa dakika moja tu anapewa bahasha nyekundu yenye pesa ya kuondoa mkosi, kisha anaicheka kamera kwa nguvu, ili kifo kijue ule ulikuwa mchezo. Hata mafundi walevi wa filamu huikumbuka bahasha. Na hawa walimweka mtu mzima wa miaka sabini na saba kwenye kibao, bila bahasha, bila kicheko, bila hata kumpigia simu!

Nikamgeukia. Nilitegemea nimkute ameshika kifua. Baba alikuwa ameinama mbele, macho yamemtoka, anatafuta kitu pembeni mwa picha.

"Cha kando yake kimeandikwa nani?" akauliza.

"Nini?"

"Kibao cha kando. Umekisoma?"

"Baba, wamekuandika umekufa!"

"Nimeona. Cha kando, nakuuliza."

Picha ikabadilika. Nikasema moyoni, mshtuko umemvuruga akili. Filamu iliyobaki sikuiona. Mwishoni majina yalipita kwa dakika tisa, mamia ya watu wa kompyuta, na baba akayasoma yote mpaka pazia likawa jeusi. Hakuwemo.

Ngai Chun-Hei alikuwa amesimama nje ya ukumbi kando ya mashada ya maua, anapokea pongezi. Kijana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Sikumsalimia.

"Wewe! Nani kakwambia Szeto Wing-Cheung amekufa?"

Akatabasamu, maskini, akidhani ni swali la gazeti. "Yule ndiye fundi aliyefariki kwenye maporomoko, Dada. Nilitaka aliyetoa roho yake kwa filamu ile apate angalau..."

"Huyu hapa aliyetoa roho! Mtazame! Mguse!"

Nimewahi kuona watu wakipauka, lakini yule kijana aliishiwa rangi hadi masikioni. Akamtazama baba kutoka kichwani hadi kwenye viatu. Halafu akainama mpaka kiunoni, akabaki hivyo.

"Inuka, bwana mdogo," baba akamwambia. "Asubuhi nimekula mikate miwili ya siagi na chai ya maziwa. Mzimu gani una hamu namna hiyo?"

"Mzee, nisamehe. Nimekufuru. Karatasi ya kampuni ilisema... Ipo, ninayo kwenye simu." Akaitafuta, akatuonyesha. Ilikuwa taarifa ya ajali ya mwaka 1983, mistari miwili: *Maporomoko. Kikosi cha Szeto Wing-Cheung, mmoja amefariki.*

Nikaelewa papo hapo, na hasira ikapata pa kwenda. Siku zile mkuu wa kikosi ndiye aliyeandikwa kwa niaba ya wote. Vibarua wake walikuwa "kikosi cha fulani", basi. Kijana aliona jina moja na kifo kimoja, akaviunganisha. Nani angemweleza? Waliojua wote walikuwa wazee wanaocheza madomino bustanini, na hakuna aliyekwenda kuwauliza.

"Nitarekebisha leo hii," Ngai akasema. "Filamu inatumwa kwenye majumba ya sinema kesho. Orodha ya majina ya mwishoni imeshafungwa, sina ruhusa ya kuigusa, lakini hicho kibao kimoja watu wangu wa kompyuta wanaweza kukibadilisha. Mzee, nitalipaka jina lako rangi nyekundu. Kibao cha aliye hai, cha kumwombea umri mrefu. Kila mtu atajua uko hai na unaheshimiwa. Na bahasha nitakupa kwa mikono miwili, na picha ya kicheko tutapiga, chochote unachotaka."

Moyo wangu uliruka. Jina lake, kwa rangi ya walio hai, katikati ya pazia! Ilikuwa zaidi ya nilichoomba miaka yote hiyo.

"Baba, umesikia? Kubali."

Baba alikuwa anaitazama ile karatasi kwenye simu. Alisoma ile mistari miwili kwa muda mrefu.

"Kile kibao andika Mak Tin-Yau," akasema.

"Nani huyo, Mzee?"

"Ndiye aliyekufa. Alivaa nguo za msichana na nywele za bandia, akaruka badala yake. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, akicheka unamsikia ng'ambo ya bonde. Nilikuja leo kuona kama wamemwandika."

Mjomba Yau nilimjua kwa jina tu. Mama aliwahi kusema waya ulikatika, na kwamba nisimuulize baba.

"Baba," nikasema, "kibao kinachosomeka ni kimoja. Akiandikwa yeye, wewe hutakuwepo popote. Tena! Kwa nini wewe ndiye ulipie? Kampuni ilikuibia jina, waya ulikatika, kosa lako liko wapi?"

"Kampuni haikuniibia kitu. Waliniandika wa tatu kutoka juu. Nikawaambia kama Yau hayumo, na mimi nifuteni."

"Hukuniambia!"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa unapigana shuleni kwa ajili yangu." Akanitazama sasa, na sura yake ilinitisha kuliko kile kibao. "Na waya haukukatika, Sim. Ulikuwa umenikata kiganja, damu inateleza. Nikasema nibadilishe mkono. Wale saba walikuwa wananifuata mimi, nilipolegeza mimi wakalegeza wote. Mara moja tu, kama kupepesa jicho. Waya tuliukuta mzima kabisa."

Nikakaa kwenye ngazi za sinema, katikati ya waandishi wenzangu na maua yao, mwanamke wa miaka hamsini na nne na daftari lake, nikalia kwa sauti. Nilimlilia kijana nisiyemjua, na nikamlilia baba, ambaye kila nilipomtetea mbele ya watu nilikuwa namwongezea mzigo.

Ngai naye alikuwa ameshika kalamu, hajui amtazame nani. Baba akamsogelea, akamshika kiwiko.

"Andika, bwana mdogo. Mak, kisha Tin, kisha Yau. Ukishaandika nionyeshe, nihakikishe."