Mnufaika wa Mama Margit

Jumanne ya wiki ya tatu ya muhula, saa mbili na robo asubuhi, Kauthar Abdulhamidi alifika ofisini na chupa ya chai na chapati mbili, akamkuta msichana wa gauni la njano amekaa kwenye benchi la wageni, sanduku la bati miguuni. Juu ya nyusi yake ya kushoto palikuwa na kovu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Naitwa Luciana Yeremia, wa Misigiri. Nimekuja kuendelea na masomo yangu ya mifugo. Nashukuru sana kwa nafasi hii."

Kauthar alilitazama lile kovu. Alijua kuwa ni la pembe ya mbuzi, kwa sababu yeye ndiye aliyemtia. Alimtia mwaka uliopita, kwenye barua ya pili, alipoona maelezo yanapwaya. Akafungua mlango, akammiminia mgeni chai.

Chuo kilikuwa nje ya mji wa Singida, upande wa kwendea Iguguno, na Kauthar alikuwa ofisa wa kitengo cha uhusiano na wafadhili. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila aliyetoa kitu anashukuriwa kwa wakati, jina lake halikosewi, na picha anayotumiwa ina mwanga wa kutosha. Mmoja wa wafadhili hao alikuwa Mama Margit, mwalimu mstaafu wa nchi moja ya baridi, aliyekuwa akimsomesha binti mmoja na kutuma vitabu vya mifugo. Hakudai kitu zaidi ya barua ya mnufaika kila baada ya miezi miwili.

Mnufaika alikuwapo. Aliitwa Jesca, binti wa wafugaji wa Kinyangiri, mrefu, asiyezunguka anapozungumza. Barua yake ya kwanza ilikuwa fupi. Alisema ni mzima. Alisema maji bwenini hayatoki. Alisema vile vitabu vimefungiwa ofisini kwa mkuu wa idara, kisa kabati halijapatikana, na akamwomba Mama Margit aulize.

Bwana Melkizedeki, mkurugenzi wa kitengo, mzee wa kanisa na mtu mpole, aliisoma barua hiyo mara mbili.

"Hii si barua ya shukrani," alisema.

"Lakini ni kweli, Bosi. Maji hayatoki."

"Sijasema si kweli. Nimesema si ya shukrani."

Jesca alipoambiwa aandike nyingine, aliandika ileile kwa mwandiko mzuri zaidi. Hapo ndipo Bwana Melkizedeki alipomwambia Kauthar aandike yeye, kama mfano tu, na jina abadilishe ili asimsingizie mtu. Kauthar akaandika. Luciana wa Misigiri alikuwa yatima aliyelelewa na bibi. Alivaa gauni la rangi ya alizeti. Aliamka na jogoo, akasoma, akashukuru. Mama Margit alijibu kwamba alilia jikoni kwake. Zikafuata barua nyingine tano.

Sasa Luciana alikuwa amemaliza chai na alikuwa anashukuru.

Karani wa usajili, Manase, hakuona tatizo kubwa. Alifungua jalada la ufadhili wa Mama Margit na kukuta barua sita, zote za Luciana. Barua ya Jesca haikuwamo, kwa kuwa haikutumwa. Ufadhili ulikuwa mmoja, kitanda kimoja, na jalada lilikuwa na jina moja.

"Huyu mwingine ni nani?" Manase aliuliza.

"Ndiye mwenyewe," Kauthar alisema. "Jesca yupo hapa tangu mwaka wa kwanza."

"Kwenye jalada hayupo, dada. Mwambie asubiri, tunalishughulikia."

Jesca akasubiri. Kwa wiki tano walilala kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Jesca aligundua kuwa mwenzake hajui kula, kwani hakuna barua iliyomwonyesha akila, akamfundisha kumega ugali na kuchovya kwenye mlenda. Gauni la njano halikuchafuka hata siku moja. Walimu walimpenda Luciana. Alipoambiwa hakuna maji alisema asante, ataamka mapema zaidi akachote kisimani. Alipoambiwa vitabu vimefungiwa alisema asante, atasikiliza kwa makini darasani.

"Si mtu mbaya," Jesca alimwambia Kauthar. "Ila ukilala na mtu asiyechoka, wewe unachoka mara mbili."

Zamu ya barua ya saba ilipofika, Kauthar aliandika aya mbili za kawaida, kisha akaongeza ya tatu. Ndani yake Luciana alimweleza Mama Margit kwamba anayestahili nafasi ile ni Jesca, na kwamba anamwachia kuanzia leo. Aliandika saa tatu asubuhi. Saa nne kasorobo Luciana alikuwa amesimama dirishani kwa Manase na sanduku lake, akiomba jina lake lifutwe.

Manase akapiga simu juu. Bwana Melkizedeki akaomba kuiona rasimu, akatoa kalamu nyekundu, akaikata aya ya tatu kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Inachanganya msomaji," alisema kwa upole. "Ichape upya nisaini."

Mkataba wa Kauthar ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ule wa mwaka unaofuata ulikuwa kwenye meza hiyohiyo, chini ya kiwiko cha Bwana Melkizedeki. Kauthar aliirudisha rasimu mezani kwake akaichapa upya. Kule dirishani Luciana alinyamaza katikati ya sentensi, akatazama sanduku lake, kisha akamuuliza Manase ratiba ya mitihani imetoka au bado.

Mwezi Juni Mama Margit akaja mwenyewe. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye viatu vya kutembelea milimani. Kwaya iliimba. Luciana alisimama mbele na gauni lake, na Mama Margit alipoligusa lile kovu kwa kidole, machozi yalimtoka, akasema ni kama alivyoliona akilini. Jesca alikuwa amepata kibarua cha siku hiyo cha kugawa chai. Alipofika kwa mgeni aliweka sinia chini, akasimama wima, akasema kwa Kiingereza safi:

"Mama, mimi ndiye uliyenisomesha."

Mama Margit alimgeukia Kauthar. "Ana maana gani?"

Bwana Melkizedeki alikuwa viti viwili pembeni, anatabasamu. Jesca alikuwa anamtazama Kauthar, wala hakuwa na hasira, alikuwa anasubiri tu. Ilikuwa nafasi ya kusema maneno machache, na Kauthar alikuwa nayo mdomoni.

"Ana maana kwamba ukimsomesha mmoja," alisema, "ni kama umetusomesha sote."

Mama Margit aliinuka, akaushika mkono wa Jesca kwa mikono yake miwili, akasema hajawahi kuambiwa neno zuri namna ile. Wapiga picha wakawaomba wasogee kwenye mwanga.

Ijumaa iliyofuata Jesca akafunga mizigo. Nyumbani Kinyangiri alizeti ilikuwa inapigwa na mikono haitoshi. Kauthar aliomba ruhusa ya saa moja akamsindikiza hadi barabarani. Luciana naye alikuja, amebeba begi la mwenzake kichwani. Walisimama kando ya lami, upepo ukiwapiga vumbi usoni.

"Ningesema siku ile," Kauthar alisema. "Nilitaka kusema."

"Najua, dada. Nilikuona." Jesca alifunga kanga vizuri kiunoni. "Siku moja na mimi uniandike."

"Wewe tayari upo, Jesca."

"Ndiyo maana naondoka."

Basi likaja. Jesca alipanda, akamwamkia mama mmoja kwa Kinyiramba, akapata kiti cha dirishani upande wa pili, ambako hawakuweza kumwona. Luciana aliendelea kupunga mkono hadi basi likapotea. Kisha akamgeukia Kauthar, akashika shingo yake, akauliza kwa nini koo linamuuma hivi na yeye si mgonjwa.

Kauthar alifikiri kidogo.

"Ni vumbi," akamwambia.

Luciana akamshukuru.