Kushoto kwa Lile Jiwe

Muuza miwani aliniambia niivue miwani yangu niiweke kaunta, kwa sauti ile anayoitumia daktari kumwambia mtu avue shati. Nikaivua. Akaishika kwa vidole viwili.

"Mzee wangu, hii ulinunua wapi?"

"Stendi."

"Lini?"

"Inakuhusu nini?" Kisha nikaona nimemwakia bure mtoto wa watu. "Zamani," nikasema. "Zamani sana."

Hakununa. Alikuwa mwanamke wa makamo, na duka lake lilikuwa na upana wa kitanda cha mtu mmoja: kaunta, kioo cha kujitazamia, kabati la miwani, na kiti kimoja alichokuwa amenikalisha mimi. Akawasha simu yake, akaishika nyuma ya miwani yangu, akaanza kuizungusha miwani polepole, mara ya mlalo, mara ya wima. Simu ikaendelea kuonekana vilevile, imefifia tu.

"Umeona? Hii ni giza tupu. Inakupunguzia jua, lakini mng'ao wa majini haiukati. Samaki anakuona, wewe humwoni, anakucheka." Akatoa nyingine kabatini, akaizungusha vilevile. Ilipofika wima simu ikawa nyeusi tii, kama imezimwa. Akairudisha mlalo, na picha ya watoto wake ikarudi. "Hii ndiyo polaraizi, inaukata mng'ao. Muuzaji akikuapia, usimsikilize. Chukua simu, zungusha."

Hilo nililipenda. Nimeendesha mashine ya kuchapa magazeti miaka thelathini na moja, na jambo linalopimika huwa linaniingia akilini haraka. Mambo yasiyopimika ndiyo yalinishinda, na mama watoto angekuambia hivyo kama angekuwepo.

Alifariki miezi saba iliyopita. Kabla ya hapo, kila Jumamosi kwa miaka tisa, tulikwenda wote bwawani, lile bwawa la maji ya mji lenye geti na mlinzi. Mimi nilishika fimbo ya kuvulia, yeye alisimama ubavuni mwangu akiniambia samaki wako wapi. Nilikuwa sioni kitu. Jua la asubuhi hulala juu ya maji yale, yakang'aa kama bati jipya, na mimi na miwani yangu nyeusi tulikuwa tunakodoa macho bure. Yeye alikuwa akiona.

"Pale," angesema.

"Pale wapi?"

"Kushoto kwa lile jiwe. Mkubwa. Amesimama tu."

"Hapa?"

"Umepita. Rudi kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo, mwache, tusubiri."

Tangu azikwe nimekwenda bwawani mara nne, na mara zote nne nimerudi kapa. Ndoano naitupa, lakini naitupa kama mtu anayerusha takataka, popote. Kwa hiyo nilipoingia kwenye lile duka sikuwa nimefuata urembo wala kivuli. Nilitaka kuona alichokuwa akiona mwenzangu. Nilihisi nikiweza hilo, basi nitakuwa sijabaki peke yangu kabisa pale juu ya ukuta wa bwawa.

Hayo sikumwambia muuza miwani. Nilimwambia nataka miwani ya kuvulia, ya ukweli.

Akanichagulia kwa uangalifu, lazima nimpe haki yake. Akaniuliza maji ni ya kina gani, nikamwambia karibu na ukuta ni kina kifupi. Akaweka kando vioo vya kijivu, akasema hivyo ni vya watu wa maji marefu kwenye jua kali; mimi nachukua vya kahawia, vinavyompambanua samaki na sakafu. Akaniwekea moja usoni, akaingiza kidole pembeni, penye nafasi kati ya fremu na shavu. "Hapa mwanga utaingia kwa nyuma, utakusumbua. Tunataka pana." Ya tatu ilinikaa vizuri. Ilikuwa nyepesi, na mikono yake haikunibana masikio.

Nikaingiza mkono mfuko wa shati nitoe miwani ya kusomea, nione bei yake, na kwa bahati mbaya nikatoa kwanza ile nyingine. Miwani ya marehemu. Fremu nyekundu, ndogo, na kamba ya kuning'iniza shingoni. Nilikuwa natembea nayo kwa sababu sikujua pa kuiweka. Kabatini mwake sikuweza, kumpa mtu sikuweza, basi ikakaa mfukoni, karibu na kalamu.

"Na hiyo?" akauliza.

"Ya mama watoto. Hiyo ni pambo tu. Alipewa kule walikomfanyia operesheni ya mtoto wa jicho, kabla hatujaanza kwenda bwawani."

"Wakati anaichagua ulikuwepo?"

Sikuwepo. Nilikuwa nje, nimekaa kwenye benchi na redio yangu sikioni. Alipotoka nayo usoni nilimwambia amekuwa kama mwanamuziki aliyefilisika, akacheka, na huo ndio ukawa mchango wangu wote katika operesheni yake.

Muuza miwani aliichukua, akaiweka juu ya ile niliyochagua, kioo juu ya kioo, kisha akaizungusha. Vioo vyote viwili vikawa kizibo cheusi. Akatikisa kichwa.

"Mzee, pambo gani? Hii ni polaraizi, tena safi kuliko zote humu ndani. Mwenye hii alikuwa anaona hadi kokoto za chini."

Furaha niliyopata pale dukani sijui niielezeje. Ni kana kwamba mtu alikuwa amemsema vibaya mke wangu, sasa ameombwa radhi. Alikuwa anaona kweli! Nikalipa, nikaondoka na miwani mbili, moja usoni, moja mfukoni, na njia nzima nilikuwa nainamisha kichwa huku na huku kutazama vioo vya magari vinavyobadilika rangi. Watu walinipisha.

Jumamosi nilikuwa getini kabla ya saa kumi na mbili. Mlinzi ni mtu wa umri wangu, kikoti chake kimekosa vifungo viwili, na ana muhuri ambao anaupenda kuliko mshahara wake. Alinigongea kibali na kunikumbusha sheria, kama anavyonikumbusha kila wiki tangu enzi hizo: samaki wawili kwa siku, ukishapata wawili, unafungasha, unatoka.

"Mimi?" nikamwambia. "Mara ya mwisho nimepata wawili lini?"

"Sheria ni sheria, mzee."

Nikaenda pale petu. Jua likapanda, maji yakaanza kung'aa, nikavaa miwani yangu mpya.

Ule mng'ao ukaondoka. Maji yakawa kama kioo cha dirisha kilichofutwa sasa hivi. Kitu cha kwanza nilichotafuta kilikuwa lile jiwe, kisha kushoto kwake, pale ambapo kwa miaka tisa nilikuwa natupa ndoano. Hapakuwa na kitu. Sisemi samaki walikuwa wameondoka. Nasema hapakuwa mahali pa samaki. Ilikuwa sakafu ya saruji, kina cha magoti, safi kama imefagiliwa. Hapakuwa na jani wala tope, wala kivuli cha mdudu kujificha.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa tena. Saruji. Nikavaa ile nyekundu yake, ikinibana kichwa, labda ilikuwa na siri yake. Saruji ile ile, kokoto kwa kokoto.

Kisha nikatazama chini. Mbele tu ya buti zangu, penye ufa wa ukuta palipoota majani, perege walikuwa wamejaa. Wakubwa, wanene, wanapepea mapezi kama wanangoja kuitwa. Walikuwa hapo miguuni petu.

Nikateremsha ndoano bila hata kuirusha. Wa kwanza nilimtoa kabla sijatulia vizuri. Wa pili alifuata kabla ya saa moja na nusu. Niligeuka ubavuni, mdomo uko wazi tayari kusema "Umeona?", nikakuta ndoo.

Mlinzi alitoka kibandani kwake akicheka. "Leo umeamka upande gani? Saa moja na nusu! Haya mzee wangu, wawili hao, nyumbani." Akanigongea muhuri wa kutoka.

Saa mbili nilikuwa nyumbani. Saa mbili na robo nilikuwa nimewasafisha. Saa mbili na nusu nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, redio inaongea, kiti chake kinanitazama. Nikafua shati moja. Nikafagia uani, uliokuwa safi. Nikatazama saa, nikadhani imesimama, nikaishika ukutani na kuisikiliza, ilikuwa inatembea. Ilikuwa saa tatu kasoro. Jumamosi yote ilikuwa imebaki mbele yangu, na hakuna mtu ndani yake.

Hapo ndipo nilipoikumbuka siku moja ya mwaka wetu wa kwanza pale bwawani. Siku hizo nilikuwa sijui kutupa mbali, nikawa nadondosha ndoano hapo hapo ukutani, na asubuhi moja nikapata wawili kabla ya saa mbili. Tukatolewa. Mama watoto alikuwa amefungasha chakula cha mchana kwenye kapu, na chai ya siku nzima. Alisema tukae basi nje ya geti, tule, tuzungumze. Nikamwambia tuzungumze nini? Tukarudi nyumbani, nikalala hadi jioni, nikaamka nikasikiliza taarifa ya habari, nikalala tena. Kapu lilikaa mezani halijafunguliwa.

Jumamosi iliyofuata, kwa mara ya kwanza, aliniambia: "Pale. Kushoto kwa lile jiwe."

Nilidhani ameanza kupenda uvuvi! Nilifurahi hata nikamsifia kwa mlinzi kwamba mke wangu ana macho ya mwewe. Na kweli alikuwa nayo. Mwanamke huyu alisimama miaka tisa juu ya samaki wote wale, anawaona mmoja mmoja, na akanitafutia mahali pekee pasipo na samaki, ili mume wake akae naye hadi geti lifungwe. Mara chache perege mpumbavu alipotea njia akaja kule sarujini, nikampata, nikashangilia, naye akashangilia nami. Wa pili hakuja.

Maana nyumbani nilikuwa domo zege. Huo ndio ukweli. "Chai iko wapi", "zima taa", "nani amepiga simu", hayo ndiyo yalikuwa maongezi yangu. Lakini bwawani nilikuwa nauliza pale wapi, naye ananijibu, namuuliza tena, ananisogelea, ananishika kiwiko kunielekeza, na ndoano isiposhikwa nalaani chambo, nalaani upepo, yeye anacheka, tunakula, saa zinakwenda. Nilikuwa nadhani tunavua. Nimemwacha mke wangu mpweke ndani ya nyumba yangu mwenyewe, hadi akalazimika kunidanganya ili nimsemeshe, nami sikumwona hata siku moja. Miwani ya kuona hilo ningeinunua wapi?

Nililia. Nalisema kama lilivyokuwa. Wale samaki sikuwala. Niliwapelekea majirani, wakanisifu kwa ufundi.

Jumamosi iliyofuata nilifunga chai ya siku nzima na chakula kwenye lile kapu lake. Mlinzi akanigongea kibali, akanikumbusha sheria. Nikaenda pale petu, nikaivua miwani mpya nikaiweka mfukoni pamoja na ile ya mwenzangu, nikatupa ndoano kushoto kwa lile jiwe. Nilikuwa nimezoea kutupa, ilifika sawasawa.

Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano. Maji yaling'aa, sikuona kitu. Kimya kilikuwa kikali kuliko nilivyotegemea. Kiwiko changu cha kulia kilikuwa na baridi, na jua lilikuwa kali.

Saa sita mlinzi alikuja, mikono nyuma, akasimama akitazama mshipi wa ndoano yangu.

"Mzee, wiki iliyopita ulikuwa mjanja, leo vipi tena? Pale unapotupa hamna samaki."

"Pale wapi?" nikamuuliza.

"Pale. Kushoto kwa lile jiwe. Ni saruji tupu, tangu bwawa lijengwe."

Nikasogeza fimbo kidogo. "Hapa?"

"Hapana, umepita. Rudi huku." Akasogea, akanyoosha kidole mbele ya uso wangu. "Unaona sasa?"

Nilifungua kapu, nikammiminia chai. Alitazama getini, hapakuwa na mtu, akaipokea na kukaa juu ya ukuta.

"Sijaona vizuri," nikasema. "Hebu nionyeshe tena."