Kitufe cha Pole

Mkuu wa ofisi aliirudisha ripoti ya mchezo mpya na maneno ya wino mwekundu: kitufe cha "Pole" kina hitilafu, ukikibonyeza hakuna kinachotokea. Fundi wa michezo ya kompyuta alisoma, akacheka peke yake. Tangu lini pole ikaponya mguu? Na bado asiyeisema huonekana hana utu. Hitilafu hiyo aliiacha vilevile.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza: unamshika mkono bibi kizee, mnatoka kitandani hadi mlangoni. Ukimvuta, anasimama palepale. Kitufe cha kukimbia hakuna. Ndani yake fundi alikuwa ameficha neno lililomkaa kooni mwaka mzima, tangu mama yao azikwe, yeye akiwa mbali, na dada yake akiwa amemuuguza peke yake. Dada hakumgombeza. Hilo lilimuuma kuliko matusi. Dada asipolielewa neno hilo mchezoni, fundi hakujua angelisema vipi tena.

Jumamosi akajikaza kisabuni, akabeba kompyuta hadi chumba cha kushonea cha dada.

"Nijaribie kitu, dada."

"Nina gauni la watu hapa." Lakini alikaa.

Alibonyeza kwa pupa, kama anayekanyaga cherehani. Bibi akasimama.

"Umekwama huu."

"Haujakwama. Amechoka."

Dada akabonyeza Pole; hakuna kilichotokea. Akangoja, mkanda wa kupimia ukiwa bado shingoni. Pumzi zilipomrudia, bibi akajikongoja, akashika ukuta, akapumzika kando ya kabati, kisha akakifokea kigoda kilichomzibia njia: "Sogea, mvivu wewe, tangu asubuhi umekaa tu."

Dada akaacha vitufe. Fundi akajuta kuja.

"Haya ya mama na kigoda umeyatoa wapi? Hukuwepo."

"Uliniambia kwenye simu. Na ya kabati. Na ya ukuta."

"Mimi nilidhani unaitikia tu, 'eeh, eeh', huku unafanya kazi zako."

"Nilikuwa nasikiliza, dada. Niliogopa kumwona vile, ndiyo maana sikuja. Nilikosa. Lakini kila ulichosema nilikisikia."

Dada akafuta macho kwa kipande cha kitambaa, akagundua ni cha mteja, akaguna. Kisha akalisukuma gauni pembeni.

"Kaa. Kuna aliyoyasema siku ya mwisho. Hayo sikukuambia kwenye simu."