Nyumba ya Juu ya Gulumwa

Mwaka wa Operesheni Vijiji mvua ilikataa kabisa, na mlima Gulumwa, mbele kidogo ya Usagara ya upande wa ziwa, ulibaki mawe na majani makavu tu. Watu wote waliokaa juu walishushwa wakapewa viwanja kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Rwegasira, bwana shamba kijana kutoka Bukoba. Mkewe, Paskazia, alikuwa mzaliwa wa mlima huohuo, na baba yake, mzee Chenge, alikuwa mmoja wa walioshushwa. Ili watu wasirudi, nyumba za juu ziliezuliwa. Ya mzee Chenge, kwa kumstahi mkwe, Rwegasira aliwaambia vijana waezue upande mmoja tu.

Asubuhi moja Paskazia alimpelekea baba yake uji, akakuta kitanda kitupu. Jirani akamwambia alimwona mzee jana jioni akielekea mlimani, peke yake, mkononi ana fimbo tu.

"Amerudi kwake," Paskazia alimwambia mumewe.

"Niwachukue mgambo?"

"Akiwaona mgambo atajificha mapangoni tusimpate tena. Twende mimi na wewe."

Walibeba kibuyu cha maji wakaanza kupanda. Njia ya Gulumwa ilikuwa ya ng'ombe chini, kisha ya mbuzi, kisha ikawa nyufa za miamba ambazo mtu anazipanda kwa mikono. Jua lilipozidi, jiwe lilichoma viganja. Kokoto ziliteleza chini ya viatu vya Rwegasira, zikaporomoka kwa muda mrefu kabla ya kunyamaza. Kila walipogeuka, waliona ghuba ya ziwa kwa mbali, maji yanameta, na huku juu hata umande haukuwapo.

"Mbona kimya hivi?" Rwegasira aliuliza.

Paskazia naye alikuwa anawaza hilohilo. Utotoni mwake mlima huu ulijaa pimbi. Walilia kwenye mawe kutwa nzima. Leo hakumwona hata mmoja. Wakapita nyumba za kwanza, kuta tupu zinazotazama juu. Ndani ya mojawapo palikuwa na mifupa ya mbuzi, mingine bado ina nyama nyekundu. Paskazia aliitazama, akaongeza mwendo.

"Huyu mbuzi ni wa nani?" mumewe akauliza nyuma yake. "Mifugo yote ilishushwa."

"Twende tu."

Penye mwamba mwembamba kuliko kote walikuta kiatu cha tairi, mkanda umekatika. Paskazia alikijua. Alikiokota, akaendelea kupanda nacho mkononi.

Boma la mzee Chenge lilikuwa kwenye kibaraza cha mawe karibu na kilele. Paa lililobaki lilikuwa limelala upande, likaifanya nyumba kuwa na kiza kama shimo. Harufu kali ilitoka humo. Rwegasira alitangulia, akakaribia mlango, akainama kuchungulia.

"Shikamoo baba," aliita. "Ni sisi."

"Usiingie!"

Sauti ilitoka juu, si ndani. Mzee Chenge alikuwa amejibana katikati ya mawe mawili makubwa yaliyo nyuma ya nyumba, midomo imekauka, mguu mmoja hauna kiatu.

"Rudi nyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Usigeuke. Usikimbie. Ana watoto humo."

Rwegasira akasikia kitu kikikoroma gizani, karibu naye kuliko alivyodhani. Akarudi hatua, na nyingine. Chui jike akatokeza kichwa mlangoni, masikio yamelala, akasimama palepale anamtazama.

"Paska," alisema Rwegasira bila kugeuza macho, "mshushe baba. Pitieni upande wa pili."

"Na wewe?"

"Akinitazama mimi, hatawatazama ninyi. Mshushe."

Paskazia alizunguka, akampokea baba yake miguu, kisha mabega. Mzee alikuwa mwepesi mno. Walipofika njiani ndipo Rwegasira alipoanza kurudi kinyumenyume, jasho linamwingia machoni, mpaka jiwe likamficha mlango.

Hawakuwa salama bado. Mara kwa mara walisikia kokoto zikianguka juu yao, na mara moja Paskazia aliona mkia ukipotea nyuma ya mwamba. Chui alikuwa anawasindikiza. Mzee alikunywa maji yote, akatembea kidogo, kisha akaketi kwenye jiwe, hawezi tena.

Rwegasira alichuchumaa mbele yake. "Panda mgongoni, baba."

"Wewe ndiye uliyeniezulia nyumba."

"Ndiyo, baba."

"Nilikaa pale juu usiku mzima namsikiliza akinyonyesha watoto chumbani kwangu. Chumba alichozaliwa huyu." Alimwonyesha Paskazia kwa kidevu. "Ulidhani nyumba ikikosa watu itabaki hivihivi?"

Juu yao kokoto ziliporomoka tena, safari hii karibu.

"Baba, panda," Paskazia alisema. Mzee akapanda.

Walifika chini jua likielekea kuzama. Wanaume wa kijiji walitaka wapande kesho yake na mikuki na mbwa. Walipanda kweli, wakarudi na mbwa wachache kuliko waliokwenda nao, na mwanamume mmoja mkono umefungwa kwa shuka yenye damu. Hakuna aliyejaribu tena.

Mzee Chenge hakupata nafuu. Alilala kwenye kile kitanda cha kijijini, akigeuzia uso ukutani, na kabla mvua haijaja alifariki. Alikuwa ameomba azikwe juu, kwa baba zake. Rwegasira aliwaambia wazee yuko tayari kumbeba tena hata peke yake, lakini wazee walikataa kwa ajili ya chui.

Wakamzika nyuma ya nyumba yake ya kijijini, kwenye ule mstari wa kando ya barabara. Ardhi ilikuwa ngumu kama sementi. Rwegasira alichimba tangu alfajiri, hakukubali kupokewa jembe, na Paskazia alisimama kando akimtazama mpaka shimo likafika kifuani mwa mumewe. Ndipo alipokwenda kumletea maji.