Mlio Chini ya Sakafu

Mlango wa jikoni ulikataa kufunga. Nilikuwa nimetoka kuchukua mfuko wa viazi barazani, nikausukuma mlango kwa kisigino kama nilivyousukuma miaka yote tangu nilipoolewa katika nyumba ile, nao ukagonga fremu, ukarudi. Nikausukuma kwa bega. Ukang'ang'ania hapo, umepinda, na mwanga wa Oktoba ukapenya kwenye pembe ya juu, mwembamba kama makali ya kisu.

"Ni unyevu huo," alisema mama mkwe wangu, Adele, bila kugeuka. Alikuwa akisugua tanuri. "Majani yakianza kuanguka, mbao hunywa maji. Lete viazi."

Nikatandaza jarida mezani ili nimenyee viazi juu yake. Lilikuwa limeletwa na posta asubuhi ile: jarida la majira ya majani kuanguka la mbunge wetu wa jimbo, Lorraine Hudock, lile lililokuwa likitumwa kwa kila nyumba ya Brannock kila mwaka na kuishia kila mwaka chini ya maganda. Alikuwa amepigwa picha katikati ya maboga, akitabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Chini yake zilikuwapo habari zilezile. Wazee watadungwa chanjo ya mafua kwenye kituo cha zimamoto. Namna ya kuomba msaada wa mafuta ya kupashia nyumba joto. Msimu wa kuwinda kulungu. Tafadhali msichome majani barabarani.

Maganda yalikwisha kumfunika mheshimiwa hadi kidevuni nilipoliona tangazo dogo katikati ya majani na kulungu. Liliwahusu wakazi wa juu ya migodi ya zamani. Ukiona milango haifungi, au nyufa mpya ukutani, au ukisikia mlio chini ya sakafu, usisubiri. Piga simu ofisini kwangu.

Kisu kikasimama mkononi mwangu.

Sisi sote Brannock tuliishi juu ya migodi. Babu zetu walichimba makaa ya mawe chini ya mji mzima, wakaacha nguzo za makaa zishikilie dari. Makaa yalipopungua, waliofuata wakarudi kuzichonga hizo nguzo. Tuliyajua haya kama mtu anavyojua kwamba atakufa: anajua, na bado anatoka kwenda kununua mkate.

Lakini mimi mlio nilikuwa nimeusikia. Wiki ile nilikuwa chumba cha chini nikianika nguo, nikasikia mbali, chini ya saruji, kama mtu anayeburuta gunia la kokoto. Akaburuta, akapumzika, akaburuta tena. Nilisimama na shati la mume wangu mikononi, likinitiririkia maji miguuni. Nilipomweleza Vincent kwenye simu, yeye akiwa Ohio na lori lake, alicheka hadi akakohoa. "Darla, ni panya. Mwekee mtego."

Panya haburuti kokoto.

Nikaenda ukumbini na jarida lenye maji ya viazi, nikapiga simu. Ikapokewa na mwanamke anayetafuna.

"Ofisi ya Hudock."

"Naomba mtu anayehusika na... na milango."

"Milango?"

"Haifungi. Mmeandika tuwapigie."

Kutafuna kukakoma. "Ni mimi mwenyewe, Lorraine. Msichana wangu wa ofisi ameenda kula. Uko mtaa gani, dada?"

Alifika maji ya viazi hayajachemka. Alikuwa mfupi kuliko picha, na koti lake lilikosa kifungo kimoja. Adele alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Wewe ni binti wa Hudock. Baba yako alikuwa akilewa vizuri. Alikuwa anaimba hadi kona ile."

"Nyumbani hakuwa anaimba, mama," akasema Lorraine kwa upole. Kisha akaniomba tochi.

Tulishuka wawili. Akapita akimulika ukuta wa nyuma, taratibu, hadi mwanga ukasimama kwenye ufa uliopanda kutoka sakafuni mpaka darini. Ningeapa jana yake haukuwapo. Lorraine akaweka kiganja mbele ya ufa, akakaa hivyo. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka mahali pa mkono wake.

Upepo ulikuwa unatoka ndani. Baridi, taratibu, wenye harufu ya mawe mabichi, kama kitu kikubwa kinachopumua usingizini. Nilivuta mkono kama niliyeungua.

"Nani mwingine yuko ndani ya nyumba?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa, kama tulio karibu na kitanda cha mtoto.

"Sisi tu."

"Zima gesi. Chukueni makoti. Msikimbie ngazini."

Adele alikubali kutoka kwa sababu Lorraine alimwambia ni mpaka wataalamu wa migodi watakapokuja kutazama. Tukapelekwa kituo cha zimamoto, tukakalishwa kwenye viti vya kukunja pamoja na majirani, tukapewa kahawa nyepesi. Wataalamu wakaja na magari ya serikali, wakazungusha utepe wa njano mtaani kwetu, wakaanza kuongea kwa kuinamisha vichwa. Nilimwona Lorraine akiwasikiliza, mikono kifuani, na niliogopa zaidi kwa namna alivyoacha kuuliza maswali.

Nikaenda kumletea Adele biskuti. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu, na mkoba wake haupo.

Nilijua alikokwenda kabla sijafika mlangoni. Nikapaza sauti, "Mama karudi nyumbani!" nikakimbia. Wazimamoto walikuwa mwisho wa mtaa wakigonga milango. Nikaruka utepe. Barabara tuliyoipita muda mfupi uliotangulia ilikuwa na mkunjo sasa, kama zulia lililosukumwa kwa mguu.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Ndani, nyumba ilikuwa ikiongea. Sijui niseme vipi. Misumari ilikuwa ikilia mmojammoja ndani ya mbao. Jikoni, sufuria ya viazi ilikuwa imeteleza peke yake hadi ukingo wa jiko, na sakafu ilikuwa imelala upande, kidogo tu, kiasi cha kuufanya mwili ujue kabla ya macho. Kila hatua niliijaribu kwanza kwa kidole cha mguu. Nilisikia meno yangu yakigongana nikadhani ni vyombo kabatini.

Chumba cha Adele kilikuwa nyuma ya jikoni. Alikuwa amelala chali kitandani, na koti lake, na viatu vyake, mkoba juu ya tumbo, kama abiria anayesubiri basi.

"Kahawa yao haina ladha," akasema.

"Mama, inuka. Inuka sasa hivi."

"Siendi. Mkinitoa hapa hamnirudishi. Namjua Vincent wangu. Ataniambia, 'Mama, ni kwa muda tu.' Nami nilimwambia mama yangu hivyohivyo. Kwa muda tu. Alifia kule nyumba ya wazee akitazama ukuta wa kijani, na kila nilipokwenda aliniuliza kama nimeleta koti lake."

Chini yetu kokoto zikaburutwa, si mbali tena. Kioo cha dirisha kikapasuka kutoka pembe hadi pembe.

"Hutakwenda kule," nikasema. "Utakaa na mimi. Hata tukipata chumba kimoja, utakaa na mimi."

"Unasema hivyo kwa kuwa unaogopa."

"Naogopa, mama! Naogopa mpaka siisikii miguu yangu! Lakini nimesema."

Alinigeukia. Miaka yote ile nadhani hakuwa amenitazama muda mrefu hivyo.

"Apa."

"Naapa."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote umtakaye, mama, inuka!"

Akainuka. Nikamshika kiuno, tukageukia mlango, na mlango haukufunguka. Ulikuwa umejifunga nyuma yangu wenyewe na fremu imeubana kama meno. Nikavuta kitasa hadi kikabaki mkononi. Hapo ndipo nilipopiga kelele, si maneno, kelele tu, na kutoka nje nikajibiwa.

"Dirisha! Darla, vunja dirisha!"

Lilikuwa limepakwa rangi likagandana zamani. Nikachukua kiti. Nilipiga mara ya kwanza kikadunda, nikapiga tena, kioo kikamwagika, na chini yake akaonekana Lorraine Hudock amesimama kwenye maua ya Adele, bila viatu, ameinua mikono. Nikatupia blanketi juu ya vipande.

"Miguu kwanza! Mpitishe miguu kwanza!"

"Usinitazame, binti wa Hudock," akasema Adele, sketi ikiwa imemkwama kiunoni.

"Sitazami kitu, mama. Niangukie."

Akamwangukia. Wakaenda chini wote wawili kwenye udongo. Mimi sikumbuki nilivyopita. Nina kovu pajani linalokumbuka. Tulimburuta Adele katikati yetu, tukavuka uwanja, tukafika kwenye utepe, na ndipo jikoni kwetu kulipodidimia ardhini. Hakukuwa na mlipuko. Ilikuwa pumzi ndefu, kama mnyama mkubwa anayeketi. Bomba la moshi lilishuka wima, halikuinama, likashuka na kushuka hadi hapakuwa na bomba. Kisha chumba cha Adele kikaegemea, kikalifuata. Vumbi likasimama juu ya shimo, na ndani ya vumbi tulisikia vitu vikiendelea kuanguka, muda mrefu, mahali pa mbali.

Lorraine alikwenda nyuma ya gari la zimamoto akatapika. Alirudi akijifuta mdomo kwa mkono wa koti, akaanza kuwauliza majirani mmoja baada ya mwingine: nani hayupo, nani hajaonekana. Kila mtu alikuwapo.

Tulipanga vyumba viwili juu ya duka la viatu, upande wa pili wa mji. Vincent aliporudi alikaa kitako ukingoni mwa bafu, mahali pekee pa faragha, akaniita.

"Kuna nafasi imepatikana kule nyumba ya wazee," alisema. "Ni kwa muda tu, Darla."

"Hapana. Nimeapa."

"Umeapa kwa nani?"

"Sijui. Mama hakuchagua."

Upande wa pili wa ukuta redio ya Adele ilikuwa imezimwa. Vincent alinitazama, akatazama ukuta, akainuka. Jambo hilo halikurudiwa tena.

Mwaka uliofuata Lorraine alishindwa uchaguzi. Alikuwa ametembea mji mzima na wataalamu wake, akisema waziwazi ni mitaa ipi si salama, na watu walisema ameshusha bei ya nyumba zao. Mshindani wake aliahidi kutozungumzia mashimo. Kura za kwanza zilipotangazwa Adele alikuwa akikanda unga. Kesho yake akafunga mkate wa njugu kwenye taulo safi, akavaa kofia, akaniamuru nimwendeshe hadi kwa binti wa Hudock.

Lorraine alitufungulia akiwa amevaa sweta la kukaa nalo nyumbani, macho mekundu. Tukakaa jikoni kwake. Adele akaufungua mkate.

"Sikukupigia kura," akasema. "Sijawahi kukipigia chama chenu, na marehemu mume wangu angefufuka anikabe."

"Najua, mama."

"Basi kula."

Akala. Tulikuwa tumemaliza vipande vya kwanza paka wake aliporuka kutoka juu ya kabati ghorofani, na kishindo kikapita darini. Sote watatu tukashika ukingo wa meza. Tulibaki hivyo, vikombe vikitikisika kidogo kwenye visahani, kila mmoja akisikiliza kwa miguu.

Adele ndiye aliyeachia kwanza. Akachukua kisu, akakata kipande kingine, akamsogezea Lorraine.